Waliogeuza Migongo

Fundi alimwona kabla hajajiandaa kumwona, na hilo ndilo lililomkosesha adabu. Badala ya kusogea na foleni kama wenzake, aliganda mdomo wazi, tiketi mkononi, hadi aliyekuwa nyuma akamkanyaga kisigino.

"Songa basi, bwana! Jua linatuchoma."

Hakusonga. Mbele kule, karibu na lango la ghala, alikuwa amesimama Mkunga. Miezi yote hii Fundi alikuwa amejiapiza kwamba siku akikutana naye atajikaza kiume, atampa mkono, atamwuliza habari za wodini, kisha atakwenda zake kichwa juu. Sasa miguu ilikuwa imegoma. Mkunga alikuwa amekata nywele. Zile nywele alizozoea kuzifunga kwa utepe mweusi kila siku ya onyesho hazikuwapo tena, na shingo yake ilikuwa wazi, imetulia, kama shingo ya mtu aliyekwisha kuamua jambo. Uso ulikuwa uleule, na hapohapo haukuwa uleule.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, kando ya Mkunga alikuwapo mama yake mzazi.

Mama mtu, kwenye onyesho la Masizi! Masizi ni bendi ya metali, tena ile metali kali kuliko zote, ya ngoma zinazoshuka kama mvua ya mawe juu ya bati na mwimbaji aitwaye Koo, anayenguruma mpaka jirani anatamani kuita polisi. Mtu wa umri wa mama yule akionekana mahali pale, basi kaja kumtoa mtoto wake kwa sikio. Lakini huyu alikuwa amevaa gauni la kutokea, mkoba kwapani, na vipande vya pamba nyeupe vimemchomoza masikioni.

"Ni yeye?" alinong'ona Kinyozi, rafiki yake Fundi wa tangu shuleni. Kazi yake ni kunyoa watu, na nywele zake mwenyewe zinamfika kiunoni.

"Ni yeye."

"Amependeza."

"Nyamaza."

"Mimi nasema ukweli tu. Yeye amependeza, na wewe umevaa fulana yenye tobo kwapani. Nenda ukamsalimie."

"Niende niseme nini?"

"Anza na shikamoo kwa mama mtu, mengine yatakuja yenyewe. Usipokwenda wewe nakwenda mimi, nimweleze unavyokalia kiti changu kila Jumamosi ukimtaja yeye mpaka wateja wangu wanahamia kwa jirani."

Tishio hilo lilitosha. Fundi alipiga moyo konde, akatoka kwenye foleni, akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Nini?"

"Shikamoo!"

Mama alichomoa pamba ya sikio moja, akamtazama kuanzia viatu hadi ndevu. "Marahaba. Usinipigie kelele, onyesho halijaanza."

Mkunga aliuma mdomo ili asicheke. Macho yake na ya Fundi yakakutana, yakakwepana, yakakutana tena.

"Umekata nywele," alisema Fundi, na papo hapo akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nimekata."

"Zimekukaa vizuri."

"Asante." Mkunga alijipapasa shingo. "Wewe hujambo, Fundi?"

"Sijambo. Friji za watu zinaharibika, nazitengeneza, zinaharibika tena. Sikutegemea kumwona mama hapa."

"Hata mimi sikutegemea kujiona hapa," alidakia mama. "Lakini mwanangu ananiwekea huyu Koo wenu jikoni kila siku. Zamani nilikuwa nafikiri ni mtu anayetapika. Siku hizi naona anaimba, tena anaimba vitu vya watu wazima. Nikasema, binti yangu anasafiri kesho, acha na mimi nikamwone huyo Koo kabla sijabaki peke yangu na redio."

"Anasafiri?"

Swali lile lilimtoka Fundi kwa sauti ndogo sana. Mkunga ndiye aliyejibu, na alijibu akimtazama usoni.

"Nimepata nafasi chuoni. Ile niliyokuwa nakuambia, ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Ni miaka miwili. Naondoka kesho asubuhi."

Ile aliyokuwa akimwambia. Fundi aliikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Ili kuieleza lazima kwanza nieleze juu ya migongo.

Masizi walirekodi kanda yao ya kwanza bafuni kwa shangazi wa mpiga ngoma, kwa sababu kuta za bafu lile zilikuwa na mwangwi wa kutisha. Fundi na Kinyozi waliipata wakiwa wanafunzi, wakaisikiliza hadi utepe ukakatika, wakaunga kwa gundi, wakaendelea. Ya pili ilikuwa kali kuliko ya kwanza, na ya tatu kali kuliko zote mbili. Halafu ikaja ya nne, na ndani yake kinanda. Kinanda! Kuna watu wazima waliolia. Kuna ndugu wawili walioacha kusemezana. Halafu koo la Koo likaanza kumsumbua, na ilipotoka ya tano alikuwa hangurumi tena; alikuwa anaimba polepole, kwa sauti ya binadamu wa kawaida, nyimbo ndefu zenye ukimya ndani yake. Mashabiki walipasuka katikati. Hawa walisema bendi imeiva, wale wakasema imeoza. Waliopenda nyimbo mpya wakaitwa Wageni, hata kama walikuwapo tangu siku za bafuni, na waliozikataa wakajiita Wakongwe.

Ni Fundi aliyeanzisha desturi ya migongo. Siku ya kwanza kinanda kilipopigwa jukwaani, yeye aliyekuwa mbele kabisa, kifua kimegusa chuma cha uzio, aligeuka akalipa jukwaa mgongo, akakunja mikono. Alifanya kwa hasira tu, bila kufikiri. Lakini Kinyozi aligeuka naye, na wa pembeni yake naye, na tangu siku hiyo ikawa sheria. Wimbo mpya ukianza, Wakongwe wote wa mstari wa mbele wanageuka. Wimbo wa zamani ukirudi, wanageukia jukwaa na kelele juu. Bendi nyingine ingekasirika. Masizi waliendelea kupiga.

Mkunga alikuwa akigeuka pamoja naye, bega kwa bega, mkono ndani ya mkono. Hadi onyesho la mwaka jana, katikati ya wimbo mpya, Fundi alipohisi mkono ule ukiteleza na kutoka. Alipotupa jicho akamkuta mwenzake amegeukia jukwaa, peke yake kati ya migongo yote ile, anasikiliza. Alifedheheka mbele ya wenzake. Siku iliyofuata, hasira haijapoa, Mkunga akamweleza habari za chuo, jinsi anavyotaka kusoma tena, na jinsi anavyojiona anaanza kuwa mtu mwingine. Na Fundi akamjibu maneno ambayo tangu siku hiyo yamekuwa yakimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

"Umebadilika. Wewe siye niliyempenda."

"Ni kweli," Mkunga alisema siku ile, akachukua mkoba wake, akaondoka. Hakurudi, na Fundi kwa kiburi chake hakumfuata.

Sasa walikuwa wamesimama hapa, juani, na kesho yake anasafiri.

"Hongera," alisema Fundi.

"Asante."

"Hiyo hongera umeitoa kama unatoa jino," alisema mama. "Njoo hapa pembeni, kijana. Wewe mwanangu shika nafasi yetu."

"Mama, tafadhali."

"Shika nafasi, nimesema."

Alimvuta Fundi kwa kiwiko hadi kwenye kivuli cha ukuta wa ghala. Hapo akachomoa na pamba ya sikio la pili, dalili kwamba mazungumzo ni mazito.

"Watu wanasema mimi nilikukataa kwa sababu ya hizo kelele zako. Umeyasikia hayo?"

"Nimeyasikia, mama."

"Ni uongo. Marehemu mume wangu alikuwa anakoroma kuliko hiyo bendi yenu yote, na nimelala naye miaka yangu yote kwa raha. Nywele ndefu ni za rafiki yako, wala hazinihusu. Fulana nyeusi haimdhuru mtu. Neno langu juu yako ni moja tu. Unataka kulisikia?"

"Nataka."

"Wewe umewakasirikia watu kwa sababu wamekua. Hao wanamuziki walikuwa vijana, wakapiga ya ujana. Sasa wamezika wazazi, wamelea, wameugua, wanapiga hayo. Na wewe unawapa mgongo. Sasa binti yangu naye anakua, na bado atakua. Atanenepa. Atazeeka. Atasoma mambo usiyoyajua, atarudi nyumbani na maneno usiyoyaelewa. Siku hiyo utamgeuzia nini?"

Fundi aliinamisha kichwa. Alitazama viatu vyake. Mama hakuwa amesema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyomkata maini, maana ukali angeweza kuupinga.

"Nampenda, mama," alisema mwishowe.

"Najua unampenda. Nani amekuuliza hilo? Unampenda yule wa zamani. Huyu wa sasa hata hujakutana naye." Alirudisha pamba masikioni, kushoto, kisha kulia. "Haya, twende. Nimelipa tiketi."

Lango lilifunguliwa. Watu wakamiminika ndani ya ghala, na Wakongwe, kama kawaida yao, walikimbilia mbele. Lazima uwe mbele ili mgongo wako uonekane. Mgongo wa nyuma ya watu haumuudhi mtu yeyote. Fundi alijikuta pale pale pake, katikati ya uzio, Kinyozi kulia kwake. Mwanga wa alasiri ulipenya kwenye madirisha ya juu ukaangukia vumbi lililokuwa likielea, na nyuma ya jukwaa spika zilikuwa zimepangwa ukuta mzima, zikitoa ule mvumo mdogo unaomwambia mtu kwamba umeme umo.

Koo alitokea bila mbwembwe. Ndevu zimekuwa nyeupe, tumbo limetangulia, mkononi chupa ya maji ya uvuguvugu. Ghala zima lililipuka kwa kelele. Aliinua kiganja, kelele zikapungua.

"Tunaanza na mpya," alisema.

Wageni wakashangilia. Wakongwe wakaguna, wakageuka kwa pamoja, mikono ikakunjwa. Fundi naye akageuka, maana mwili wake ulikuwa umezoea kugeuka kabla hata hajafikiri. Na alipogeuka, akajikuta uso kwa uso na Mkunga.

Alikuwa hatua moja tu mbele yake. Kila aliyelipa jukwaa mgongo alikuwa anatazamana na mtu aliyekuja kulitazama, ndivyo mambo yalivyo, lakini miaka yote Fundi alikuwa akifumba macho au akiangalia paa. Leo hakuweza.

"Umekuja kusimama hapa makusudi," alimwambia.

"Hapa ndipo pa kuonea."

"Nimekuziba?"

"Kidogo. Bega la kushoto lishushe." Alilishusha. "Asante. Sasa usiniongeleshe, Fundi. Huu ndio wimbo nilioujia."

Ulianza na uzi mmoja wa gitaa la besi, chini sana, polepole sana. Fundi hakuusikia kwa masikio kwanza. Aliusikia kwa mgongo. Ulimwingia kwenye uti, ukapanda, mabati ya paa yakaanza kuitikia juu kabisa. Kisha Koo akaimba, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa aliyelala. Hakukuwa na ngurumo hata moja. Na watu wote wale, mamia ya watu wa fulana nyeusi, wakanyamaza kimya kabisa.

Fundi hakuwa akitazama hayo. Alikuwa akitazama uso.

Mkunga alikuwa amesahau kwamba kuna mtu mbele yake. Midomo yake ilikuwa imeachana kidogo. Macho yalikuwa yamefunguka yote, yanang'aa, yakitazama juu ya bega la Fundi kwa mshangao ambao hauna hofu ndani yake. Kila sauti ya Koo ilipopanda, kitu usoni mwake kilipanda nayo, na iliposhuka kikashuka. Chozi lilimtoka, likateremka hadi kidevuni, asilifute. Fundi alisikia wivu ukimchoma kama sindano. Nani huyo mzee mwenye tumbo na chupa ya maji, anayemfanya awe hivi? Mimi lini nilimfanya awe hivi?

Lakini wivu ule haukukaa, kwa sababu aliujua uso ule. Alikuwa ameuona mara moja kabla ya hapo, siku ya kwanza kabisa. Alikuwa ameitwa wodini kutengeneza friji ya dawa, amelala chali sakafuni, kichwa nyuma ya mashine, anaguna kwa mdomo mdundo wa Masizi kama anavyofanya akiwa kazini. Mlango wa chumba cha kujifungulia ukafunguliwa, akatoka mkunga mwenye aproni iliyolowa, mikononi amebeba mtoto mchanga aliyekuwa amechelewa kulia na sasa analia. Alimtazama yule mtoto kwa macho hayahaya. Kisha, bila kuinua kichwa, akaumalizia ule mdundo wa Fundi kwa mdomo wake, barabara, bila kukosea. Fundi aliinuka kwa mshtuko akajigonga kwenye friji, na tangu hapo akawa hajiwezi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiusikiliza wimbo huu. Aliupokea kama anavyowapokea watoto wa wodini. Hakuwahi kumwuliza mtoto hata mmoja kwa nini hakufanana na kaka yake.

Hapo ndipo Fundi alipoanza kusikiliza, kwa mara ya kwanza, huku bado amelipa jukwaa mgongo. Na alichokisikia kilimfanya nywele zimsimame. Chini ya ule upole kulikuwa na kitu kikubwa kinatembea. Mpiga ngoma hakuwa amechoka wala kulainika. Alikuwa anajizuia, na nguvu ya kujizuia kule ilikuwa kubwa kuliko mvua zote za mawe alizowahi kuzinyesha. Fundi alikuwa mtu wa mashine, aliijua injini inayofanya kazi nzito kimya kimya. Miaka yote alikuwa amesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye jambo hili, na amelipa kisogo.

Alitupa jicho pembeni. Mama mtu alikuwa amechomoa pamba zote mbili, amezishika kwenye kiganja, na kiganja amekibana kifuani. Kinyozi, mikono imekunjwa kwa ukali wote wa Mkongwe, alikuwa anapiga mguu chini taratibu, na midomo yake ilikuwa inafuata kila neno.

"Unaujua?" Fundi alimnong'oneza.

Kinyozi alishtuka kama mwizi. "Mke wangu anaupenda," alisema. Kisha akaona haya. "Mimi pia."

Wimbo ukaisha. Mkunga alivuta pumzi ndefu, akafuta kidevu, macho yake yakarudi duniani, na yakamkuta Fundi anamtazama.

"Nini?" aliuliza.

Kabla Fundi hajajibu, gitaa lilipasua hewa nyuma yake. Wimbo wa kwanza wa kanda ya kwanza, ule wa bafuni. Wakongwe walitoa mlio mmoja, mstari mzima ukageukia jukwaa, nywele zikaruka, ngumi zikapanda. Ngoma zikaanza kushuka. Kinyozi alimgonga ubavuni. "Geuka! Geuka, ni wenyewe!"

Fundi hakugeuka.

Alibaki peke yake, mgongo kwa wimbo alioupenda kuliko nyimbo zote, akimtazama mwanamke mwenye nywele fupi.

"Geuka, Fundi!" Mkunga alipiga kelele. "Ni wimbo wako huo!"

"Nimeshausikia!"

"Unasema?"

"Nasema huo nimeshausikia!" Alisogea, akamwinamia sikioni, lakini makelele yalikuwa yanameza maneno. Akajaza kifua hewa. "Nilikosea siku ile! Nilisema umebadilika kama vile ni ugonjwa!"

"Sikusikii!"

"Nilikosea! Nenda ukasome! Sitaki yule wa zamani! Huyu mwenye nywele fupi nimemwona leo tu, NA NIMEMPENDA UPYA, NIMEKWISHA KABISA!"

Sasa wimbo ule una mahali pake. Katikati, mbio zikiwa zimepamba moto, bendi nzima hukata ghafla na kunyamaza, na hubaki kimya mpaka mpiga ngoma aamue. Hakuna Mkongwe asiyeijua sehemu ile. Fundi mwenyewe alikuwa anaweza kuionyesha usingizini. Na leo, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa ameisahau.

Kwa hiyo "nimekwisha kabisa" ilisikika ghala zima, mpaka kwa wauza vinywaji mlangoni.

Kinyozi alifunika uso kwa nywele zake. Jukwaani, Koo aliinamia kipaza sauti, akamtazama yule mtu mwenye fulana ya tobo kwapani aliyempa mgongo miaka nenda miaka rudi.

"Dada," alisema kwa upole, "mjibu mwenzio, mikono ya mpiga ngoma inamwasha."

Kicheko kilipita ghalani kama upepo, kikatulia. Mkunga alikuwa amesimama mikono mashavuni. Alipoiondoa, uso wake ulikuwa umelowa na ulikuwa unacheka, na ndani yake mlikuwamo ule mshangao wa wimbo mpya, sasa umemwelekea Fundi mwenyewe.

"Nitarudi nikiwa mwingine tena," Mkunga alisema. Hakuhitaji kupaza sauti. "Hata huyu wa leo hutamkuta."

"Najua."

"Hutaniambia nimebadilika?"

"Nitakuambia. Halafu nitajitambulisha kwako."

Mkunga alimtazama muda mrefu kidogo, kama anavyowatazama watoto wodini kuhakikisha wanapumua wenyewe. Kisha akamshika mkono.

"Na mimi je?" ilisikika sauti ya mama. "Mimi sijaulizwa?"

"Mama, unasemaje?" aliuliza Koo kutoka jukwaani.

Mama alijitengeneza gauni, ghala zima likimsubiri. "Nasema kesho aje stendi kumbebea sanduku. Na avae shati lenye vifungo."

Ngoma zikaanguka. Watu waliruka wote kwa pamoja, Wakongwe na Wageni, sakafu ikatikisika, na katikati ya msukosuko ule Fundi na Mkunga walisimama palepale, mikono imeshikana, mama amejibanza kando yao akicheka hadi machozi.

Wimbo ulipoisha, vumbi lilikuwa jekundu kwenye mwanga wa madirisha. Koo alikunywa maji yake. Uzi ule wa chini ukaanza tena, taratibu kuliko mwanzo, wimbo mwingine mpya. Mstari wa mbele Wakongwe waligeuka, wengi wao, si wote. Kinyozi alisitasita, akatazama huku na huku, akabaki ameelekea jukwaa.

Fundi naye aligeuka. Miaka ilikuwa imepita tangu amtazame Koo akiimba wimbo asioujua, na alishangaa kuona jinsi mzee yule anavyofumba macho. Mkunga alisogea akasimama ubavuni mwake.

"Huu unaitwaje?" Fundi aliuliza.

"Sikiliza kwanza," alisema Mkunga.